Chapati ya V6

Sikudhani alikiosha kwa sabuni kifuniko cha plastiki kinachokaa juu ya injini, chenye herufi za V6 zilizoinuka, akakianika nje ya gereji. Ilikuwa injini ya kwanza kuifunga peke yake. Bwana Makungu, mwenye gari hilo la mbio, alishasema kwamba isipowaka hatamwachia tena mwanamke gari lake.

Makungu alifika na njaa. Mama Mize wa mgahawa wa jirani akampa chapati ya moto. Makungu akaigeuza, akaona V6 imejichora, imekaa kinyume.

“Mama, hii chapati ya gari gani?”

“Nimeokota sinia jipya hapo nje, ndilo nasukumia chapati.”

Sikudhani akainama. “Ni kifuniko cha injini yako, baba. Samahani.”

“Kwa hiyo gari langu liko uchi?”

“Liko uchi, lakini linawaka.”

Sikudhani akaenda kwenye gari, akafungua boneti, akawasha. Injini ikashika mara moja. Makungu akatazama mkanda ukizunguka mpaka chapati ikapoa mkononi.

“Miaka yote nilikuwa naangalia plastiki,” akasema. “Kumbe huku ndani kuzuri hivi.”

“Nikirudishe, baba?”

“Mwachie Mama Mize sinia lake. Na wiki ijayo nakuletea gari la mke wangu.”

Mama Mize akatandaza chapati nyingine juu ya zile herufi. Sikudhani akanyoosha mkono wake wenye grisi, akaisubiri.