Punje za Rangi ya Waridi

Asubuhi ile niliketi kizingitini na ungo mapajani, nusu macho, nusu usingizini. Vumbi la unga lilielea polepole kwenye mwanga wa dirisha, nami nikaelea nalo.

Baadhi ya punje za ngano zilikuwa za rangi ya waridi, kama ufizi wa mtoto. Nilitamani kuzitunga ushanga, utadhani bado nina shingo ya kuringia.

"Rangi ya gunia hiyo," mzee wangu alisema, kama alivyosema tangu jana. "Yale maandishi mekundu yamechuja. Acha wasiwasi, bibie."

Jikoni, mkwe wangu alikuwa amemkalisha mjukuu wangu mkekani, akimpulizia kijiko cha kwanza cha uji wa unga mpya wa ngano hiyo.

Nilikuwa na suke moja mfukoni, nililolichuma alfajiri kwenye shamba letu ilikotoka ngano ile, kwa kuchezea tu. Nikalipasua kwa ukucha. Suke hilo halijawahi kuona gunia. Ndani, punje zilikuwa zimesinyaa, zina rangi ile ile ya waridi, zimefunikwa utando wa kuvu.

Kuvu hiyo naijua. Mwaka wa mvua nyingi ilitutapisha siku tatu, na mdogo wangu hakuamka.

Kubishana na mzee wangu huchukua nusu siku, na mtoto alikuwa ameshaachama. Nikaingia jikoni, nikajikwaa kwa ustadi mkubwa. Kijiko kikaruka, sufuria ikapinduka, uji wote chini.

"Mama!" mkwe wangu akapiga kelele.

"Kizee, macho yamekwisha?" mzee akafoka.

"Yamekwisha, baba watoto," nikasema, nikimpa suke. "Hebu nisomee wewe. Humu wameandika nini kwa wino mwekundu?"