Machipukizi ya Mpera wa Mama Ngiri

Hadithi hii nilipewa na bibi yangu, nami nawapa. Mama Ngiri alikuwa na mpera mmoja na mdomo mkali. Kila mara jirani yake Kima alipopanda kutafuna machipukizi, alimpigia kelele, "Shuka, mwizi mkubwa we! Unanimalizia mapera hata hayajazaliwa!"

Siku moja mwanawe akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Mama Ngiri akamtafunisha majani makuukuu ya matawi ya chini, aliyoweza kuyafikia. Wapi! Akaketi akalia.

Kima akauliza kutoka juu, "Shoga, mimi umeniona naharisha lini?"

"Sijakuona hata siku moja."

"Basi dawa ni haya machanga ya huku nchani."

Akamdondoshea fungu zima. Mtoto akayatafuna na chumvi kidogo. Jua lilipogeuka, tumbo likatulia, akaomba uji.

Mama Ngiri akaanza, "Kima mwenzangu, ahsa..."

"Nyamaza! Dawa ya mti haishukuriwi, itakufa nguvu. Nitukane kama siku zote."

Mama Ngiri akashusha pumzi, machozi yakimtiririka huku anacheka.

"Haya shuka, mwizi mkubwa we, uji unapoa!"