Ng'ombe wa Siku ya Arobaini

Kidole cha Ndanu kilikuwa tayari juu ya kibodi, apunguze ukame kwenye gemu yake. Saa moja tu ilibaki mashindano ya kutengeneza gemu yafungwe pale Hurlingham, na hakuna mchezaji aliyekivusha kijiji chake siku ya arobaini. Njaa iliwamaliza wote.

"Hebu nijaribu," akasema mama aliyekuwa akiwaletea washindani chai tangu Ijumaa.

Ndanu akampisha kiti, lakini mkono akauacha kwenye kibodi. Mama akapangusa mikono kwenye aproni, akashika kipanya kama mtu aliyeshika yai. Nyasi zilikuwa bado za kijani kwenye skrini alipoanza kuwatoa ng'ombe wake mmoja mmoja, akiwapeleka kwa majirani wa mbali.

"Mathe, unagawa mali na mvua bado inanyesha," kijana wa meza ya pili akamwambia, akicheka.

Mama akamtoa mwingine. Nafasi ya kuazimisha ng'ombe Ndanu aliiweka mwenyewe, kisha akaisahau. Hakuna aliyewahi kuigusa.

Siku ya thelathini malisho yalikauka. Siku ya arobaini ng'ombe waliobaki nyumbani walianguka wote. Kesho yake, kutoka kijiji kilichopata mvua, wakarudi watatu, na ndama nyuma yao.

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Ndanu akauondoa mkono wake kwenye kibodi, ukame akauacha ulivyo.

"Umejuaje, mama?"

Mama alikuwa ameshaanza kukusanya vikombe.

"Ukame wa mwaka wa themanini na nne," akasema, "baba yetu aliwaweka ng'ombe wote boma moja."