Gobole Lililoniita Mgeni

Nilikuwa nimeshafika barabara kuu, gobole la marehemu baba begani, nalipeleka kwenye tanuru la kuyeyushia silaha. Mdogo wangu Mwadime alinikimbilia nyuma.

"Kaka, nirudishie! Limenichagua mimi!"

Ni kweli. Siku hizi silaha ya marehemu hubaki na sauti yake, na hurithiwa na yule inayemtambua. Asubuhi ile Mwadime aliliamkia, likamjibu kwa sauti ya baba, "Marahaba, mwanangu." Mimi, mzaliwa wa kwanza niliyezunguka nchi saba, likanijibu, "Marahaba, mgeni. Umetoka mbali?"

"Nani alilipaka mafuta miaka yote?" Mwadime akauliza, akihema. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natembea. Kutembea ni dhambi?"

Pale tanuruni nikaliamkia mara ya mwisho.

"Marahaba, mgeni. Karibu tena."

Nikalitupa motoni.

Mwadime alihamia kwa wakwe zake, hasemi nami. Chuma tulirudishiwa kimefuliwa majembe mawili. La mama humwita "mke wangu", naye hulima akicheka. Langu, kila nikilishika, huniuliza kama nimetoka mbali.