Vishikio vya Bafuni

"Nyumba mpya, halafu mnanipunguzia dola elfu thelathini?" Verna alimkazia macho muuzaji wa nyumba za wastaafu. "Ina kasoro gani?"

"Haina, mama. Aliyeiagiza alifiwa na mumewe kabla ya kukabidhiwa funguo, na pensheni ya mmoja haikutosha mkopo. Malipo yake ya awali yamebaki kwetu. Ndiyo hayo tunayokukatia."

Mume wa Verna alimshika mkono. "Twende zetu, mke wangu."

Verna hakusogea. Katika bafu walimosimama, kando ya choo, kulikuwa na vishikio viwili vya chuma, vimefungwa ukutani chini kidogo kumfaa mtu wa kiti cha magurudumu. Lebo zake za dukani zilikuwa hazijabanduliwa. Alikivuta kimoja kwa nguvu. Hakikutikisika.

"Sisi bado tunatembea," alisema. "Ving'oeni hivi, au mpunguze elfu mbili nyingine."

Mumewe akamwachia mkono.