Ugomvi wa Katoni Mbili

Saa tano kasorobo asubuhi, Nehemiah aliandika kwenye grupu la kazi kwamba Rispah wa Jeddah hawezi kuhesabu katoni za sabuni hata akiazimwa vidole vya miguu vya ofisi nzima.

Watu kumi na wanane waliusoma ujumbe huo. Wote walikuwa wanamngoja Rispah.

Naye hakukawia. "Umeandika arobaini, zimefika thelathini na nane. Hizo mbili umefulia soksi? Kama ni hivyo nakusamehe, maana Riyadh yote imepona."

Fridah, aliyekaa meza ya pili kutoka kwa Nehemiah katika ofisi yao ya mtaa wa Olaya, Riyadh, alishika kichwa. Yeye ndiye aliyepewa kusimamia grupu hilo. Kampuni yao ilisambaza vifaa vya usafi. Nehemiah alituma mzigo kutoka Riyadh, Rispah aliupokea kwenye stoo ya Ruwais kule Jeddah, na kila kitu kiliandikwa kwenye grupu, kwa Kiswahili, kwa kuwa karibu wote walikuwa Wakenya. Bosi alibonyeza kitufe cha tafsiri akasoma kwa Kiarabu.

Yaani bosi alikuwa anasoma matusi yote hayo.

"Nehemiah, ndugu yangu," Fridah alisema, "si umwandikie kando? Kuna mahali pa watu wawili tu."

"Huko kando nani ataona?"

"Ndiyo maana nasema kando."

"Huyo mwanamke lazima watu wamjue," alisema Nehemiah, na vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuandika tena.

Miezi minne walikuwa hivyo. Rispah aliwahi kuandika kuwa mtu anayekoroma kama jenereta hawezi kusikia simu ya ofisi, na Lewis, aliyelala chumba kimoja na Nehemiah kule mtaa wa Malaz, akaweka vidole gumba vitatu. Nehemiah akajibu kwamba Rispah akipika wali, majirani huita zimamoto. Grupu zima likacheka siku mbili.

Fridah hakucheka. Mikataba ya wote ilikuwa inaisha mwezi huo, na bosi alishasema kuwa mleta fujo hatatiwa sahihi mkataba mpya, atapanda ndege arudi kwao. Jioni moja akampigia Rispah.

"Dadangu, muombe radhi yaishe. Mtafukuzwa nyinyi."

"Nimuombe radhi yule? Kwanza amekula?"

"Kula kunahusu nini?"

"Mtu mwenye njaa hasikii radhi," Rispah akasema, akakata simu.

Bosi mwenyewe hakuwa mtu wa kubembelezwa. Fridah alikuwa amemwomba mara tatu ahamishiwe Jeddah, awe karibu na ndugu yake Susan, na mara tatu jibu lilikuwa lile la Kiarabu, mafi, yaani hakuna. Mtu alikaa pale alipopangiwa. Ugomvi tu ndio aliouchukulia hatua, na kwa njia yake. Mwaka uliopita, madereva wawili, Jackton na Robinson, walipochambana kwenye grupu, aliwaweka lori moja mwezi mzima. Waliposhuka, ilibaki kidogo tu wagawane mswaki.

Siku ya Alhamisi Nehemiah aliandika kwamba amechoka, ni afadhali afanye kazi na mashine ya fotokopi, kwa sababu hiyo ikikosea angalau huwasha taa nyekundu. Rispah akajibu kuwa hata mashine ina heshima yake, haiwezi kukubali.

Mlango wa bosi ukafunguka.

Alikuja moja kwa moja hadi mezani kwa Nehemiah, simu mkono mmoja, karatasi mkono mwingine. Fridah alizitambua karatasi hizo. Ilikuwa mikataba miwili.

"Halas," alisema bosi, yaani imetosha.

Kisha akatoa hukumu, polepole, ili kila mtu aelewe. Rispah angehamia Riyadh. Wangekaa meza moja, kompyuta moja, uso kwa uso. Siku watakayopatana, Rispah angerudi Jeddah. Na kwa kuwa alijua jambo hilo lingechukua muda, akatia sahihi mikataba yote miwili papo hapo, miaka miwili kila mmoja.

"Bosi," alisema Nehemiah kwa sauti ndogo, "kweli unanifanyia hivi?"

Akainamisha kichwa juu ya kibodi, mabega yakimtetemeka. Fridah akamsogezea tishu.

Jumamosi bosi alimtuma Nehemiah huyohuyo kwenda kumpokea Rispah kituo cha basi, kama sehemu ya dawa. Fridah akaomba kwenda naye. Mtu wa kuamulia alihitajika. Njiani aligundua kuwa Nehemiah amenyoa, amepiga shati pasi na amejipulizia manukato.

"Unaenda vitani au harusini?"

"Mbele ya adui huonyeshi udhaifu, Fridah."

Basi la Jeddah lilichelewa dakika ishirini. Nehemiah alizihesabu kwa sauti. Lilipofika, abiria waliteremka mmoja mmoja, na wa mwisho alikuwa mwanamke mfupi mwenye begi la kijani. Alisimama mbele ya Nehemiah, akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani. Nehemiah naye akakunja ngumi, akakunjua.

Fridah akajipenyeza katikati yao. "Jamani, hapa si kwenye grupu. Hapa kuna askari."

Rispah akamzunguka taratibu, akanyoosha mkono, akamrekebisha Nehemiah kola ya shati.

"Umekonda, mume wangu," alisema. "Na kesho unitukane mapema, kabla bosi hajafikiri tumepatana."