Jibu la Elina

"Mama, kwenye ukoo wa Andongwisye kuna mtu aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili?"

Elina aliweka chini ungo wa mchele. Swali hilo alikuwa amelisubiri miaka thelathini na mbili, na leo limemfuata lenyewe hadi uani kwake Tunduma, limeletwa na wageni wawili waliovaa nadhifu.

Alijua kilichowaleta. Mwaka jana, alipokwenda msibani kwao Ileje, alisikia kuwa Pendo, binti wa Andongwisye, amepata mchumba kutoka Vwawa. Tangu hapo hakuwa na habari nyingine za kule. Wazazi wake walishakufa na hakuwa na wa kumpigia simu. Lakini desturi aliijua. Mahari haitolewi kabla watu hawajatumwa kuulizia ukoo: kuna wachawi? Kuna kifafa? Kuna kichaa? Na wageni hawa, Felix na Conjesta, walikuwa wametoka Vwawa asubuhi hiyo.

"Tumeambiwa mashamba yenu yalipakana," Felix alisema. "Bila shaka umeshasikia kilichotuleta..."

"Nimesikia, mwanangu. Mmefanya vizuri kufika kwangu. Kaeni."

Elina naye aliwahi kuuliziwa. Mchumba wake aliitwa Gwamaka. Mdogo wake Elina, Lusubilo, alikuwa ameugua akili, akafungwa kamba kwenye nguzo ya jiko miezi miwili, hadi mchungaji alipowashawishi wazazi wampeleke hospitali Mbeya. Alitibiwa, akarudi mzima, akashika jembe kama wenzake. Lakini waulizaji walipopita kwa jirani, Andongwisye aliwacheka. "Mnatafuta mke pale? Kamba bado inaning'inia kwenye nguzo." Hawakurudi tena, na Gwamaka akaoa kwingine. Lusubilo alipojua kuwa ndiye aliyemponza dada yake, aliondoka kwenda machimbo ya Saza, na mpaka leo hajulikani alipo. Elina hakumsamehe Andongwisye, wala hakuwahi kujaribu.

"Yupo," alisema. "Ni Andongwisye mwenyewe."

Kalamu ya Conjesta ilisimama. "Mwenyewe?"

Hapo Elina akamvika Andongwisye ugonjwa wote wa Lusubilo. Alieleza alivyokuwa akibishana na marehemu babu yake siku tatu bila kulala. Alivyokataa chakula cha mama yake akisema kina sumu. Alivyokwenda mtoni uchi, mchana kweupe. Hakuwa na haja ya kubuni, maana hayo yote aliyaona kwa macho yake, ila kwa mtu mwingine. Alipofika kwenye alama za kamba miguuni, sauti ilimkatika, na wageni waliona machozi ya kweli.

"Na mwaka jana, je?" Felix alijisogeza mbele. "Tuseme kuanzia mwezi wa sita?"

"Mwezi huohuo nilikwenda kwetu msibani. Alikuwa amezidi. Unamsalimia, yeye anaongea na ukuta."

"Mbona majirani zake hawasemi hivyo?"

"Wanamsitiri. Wanataka binti yake aolewe."

Conjesta aliandika hata hilo. "Unaweza kuyarudia haya mbele za watu, mama?"

"Hata mbele ya kanisa zima. Hata kesho."

Walimpa karatasi atie sahihi. Miwani ilikuwa ndani, naye hakuona sababu ya kuifuata. Alitia sahihi kila ukurasa alioonyeshwa. Kweli uchumba wa siku hizi una mambo, aliwaza, hata umbea unatiwa sahihi. Alimwonea huruma Pendo kidogo, kisha akakumbuka kuwa yeye hakuna aliyemhurumia.

Aliwasindikiza hadi barabarani, mwili mwepesi kama ametua gunia. Felix alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mungu akubariki, mama. Tumeuliza watu kumi na mmoja kule kijijini. Wote wanampenda, na wote wameapa kuwa ana akili timamu kabisa. Ni wewe peke yako uliyesema vingine."

Elina hakuweza kujizuia. Kisasi ambacho aliyelipiziwa hakijui kilikuwa nusu tu kwake. "Mtamwambia kuwa ni mimi niliyesema?"

"Nitamwambia kesho nikienda kumwona gerezani," Felix alisema. "Mimi ndiye wakili wake, mama. Ameua mtu, na jaji anataka kujua kama siku ile akili zake zilikuwa sawa. Kwa maneno ya wale kumi na mmoja, angenyongwa."